Je, safari ya meli ya reggae inastahili bei yake?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Minneapolis na mume wangu; sote tuna kadi za ukaazi wa kudumu wa Marekani na pasipoti za Tanzania. Mwakani mume wangu anatimiza miaka 50, na tangu ujana wake anapenda reggae kupita kiasi. Nimeona safari ya meli iliyokodiwa yote kwa ajili ya reggae, usiku 5, kutoka Miami hadi Jamaika na kurudi, yenye wasanii 20. Chumba cha ndani ni dola 1,850 kwa kila mtu na chenye roshani ni dola 2,600. Kodi, ada za bandari na bakshishi ni dola 340 zaidi kwa kila mtu. Malipo ya awali ni dola 400 kwa kila mtu na hayarudishwi. Lakini meli ya ukubwa uleule, katika wiki ya kawaida, inauzwa dola 560. Mimi mwenyewe reggae naijua nyimbo mbili tatu tu, na ikifika saa nne usiku huwa nimelala. Je, tunaibiwa? Au nimwache aende peke yake?

Jibu: Dada yangu, ahsante kwa kuniandikia, na umfikishie shemeji salamu zangu. Nianze na jibu lenyewe ili usilazimike kulitafuta huko chini. Hamuibiwi. Ninaona mwende, mwende wote wawili, mchukue chumba cha ndani, na msitoe hata senti moja kabla ya kupata kwa maandishi majibu ya maswali matatu nitakayokueleza. Nimehudumia vyumba katika meli za kitalii kwa miaka 8, kama wafanyavyo vijana wengi wa kwetu Mombasa, na tangu niliposhuka nimekuwa nikiwakatia watu tiketi za meli hizohizo. Safari za muziki nimeziona kutoka upande wa mwenye kutandika kitanda na upande wa mwenye kuuza kitanda, na nitakujibu kwa yote mawili.

Kosa ambalo karibu kila mteja hulifanya ni hilo ulilolifanya wewe kwa nia njema: kuziweka dola 1,850 kando ya dola 560 na kuona tofauti kana kwamba ni bei mbili za bidhaa moja. Bei ya dola 560 ni chambo. Kampuni ya meli huuza chumba kwa bei ndogo kwa sababu inatarajia kukurudia baadaye kwenye baa, kwenye kamari, kwenye maduka, kwenye picha na kwenye matembezi ya bandarini, na chumba kinachobaki wazi hadi wiki ya mwisho huuzwa kwa bei yoyote kwa kuwa kitanda kitupu hakinunui soda. Meli iliyokodiwa haiendeshwi hivyo. Kampuni ya muziki huikodi meli nzima kwa kiasi kilichokubaliwa tangu mapema, na kiasi hicho inakilipa vyumba viuzwe visiuzwe. Juu ya hapo inawalipa wasanii, inawaletea mafundi wa sauti na taa, inasafirisha makontena ya vifaa hadi gatini, na inawapa wasanii na watu wao vyumba ambavyo havitaingiza chochote. Ile safari ya muziki wa metali iitwayo 70000 Tons of Metal, iliyoanza mwaka 2011 na kuondokea Florida, hubeba bendi 60. Piga hesabu ya wanamuziki, mafundi na wasimamizi wa bendi 60, wote wakilala na kula ndani ya meli moja, na utaona ni vyumba vingapi ambavyo abiria wanaolipa wanavifidia.

Kwa hiyo unachouziwa ni tamasha la muziki lenye kitanda, chakula na bahari. Biashara hii si ngeni wala si ya kubahatisha: safari ya jazz iitwayo The Jazz Cruise na ya roki iitwayo The Rock Boat zote mbili zilianza mwaka 2001, na Welcome to Jamrock, safari ya reggae iliyoanzishwa na mwanamuziki Damian Marley, mwana wa Bob Marley, ilianza mwaka 2014. Zimedumu kwa sababu kuna watu wanaorudi mwaka hadi mwaka, na watu hao niliwahudumia. Wengi wao si matajiri. Nilimhudumia fundi bomba mmoja ambaye alikuwa ameweka akiba miezi 14 kwa ajili ya siku 5, na asubuhi moja alikuwa kwenye foleni ya mayai ya kukaanga, mwimbaji aliyempenda tangu shuleni akasimama nyuma yake na sahani mkononi. Hawakupiga picha. Walizungumza juu ya pilipili. Yule bwana alirudi chumbani akanisimulia mara tatu nikiwa ninabadilisha shuka, na hilo ndilo hasa watu wanalolipia katika safari hizi: msanii hana pa kwenda, yumo melini nawe, na baada ya siku ya pili anachoka kujificha.

Sasa tuhesabu, kwa kutumia namba zako mwenyewe. Chukua orodha ya wasanii 20, mpe shemeji kalamu, na umwombe aweke alama kwa wale tu ambao angekata tiketi na kutoka nyumbani usiku wa Januari wa Minneapolis, theluji ikianguka, ili kwenda kuwaona. Asiwatie alama wale anaowajua majina tu. Katika safari nyingi za aina hii kila msanii hutumbuiza mara mbili, kwenye majukwaa tofauti na saa tofauti, ili aliyemkosa leo amwone kesho. Mpenzi wa kweli wa muziki, akiwa na nguvu za kukesha, anaweza kuona maonyesho 3 kwa siku bila taabu, na hivyo maonyesho 14 au 15 kwa safari nzima. Tuseme tiketi ya ukumbini kwenu ni dola 60. Maonyesho 14 ni dola 840. Ongeza dola 560 za safari ya kawaida, unapata dola 1,400. Anatakiwa kulipa dola 1,850. Dola 450 zinazobaki ndizo bei ya ile foleni ya mayai, ya kutokuendesha gari kurudi nyumbani usiku wa manane, na ya kusimama hatua 10 kutoka jukwaani badala ya hatua 100. Meli ya Norwegian Pearl, ambayo imekodiwa mara nyingi kwa safari za muziki, hubeba abiria wapatao 2,400, nao wamegawanyika katika kumbi kadhaa. Msanii aliyezoea kuimbia uwanja hapo anawaimbia watu mia kadhaa. Kwa mtu aliyeweka alama majina 10 na zaidi, ninaona dola 450 ni bei ya haki. Akiweka alama majina 3, mkatie tiketi za ukumbini za hao 3 na mwende safari ya kawaida. Mtabakiwa na fedha nyingi.

Kwako wewe hesabu hiyohiyo inatoka vibaya. Ukiona maonyesho 4 kabla ya kulala, ni dola 240, na pamoja na dola 560 ni dola 800. Kwenye karatasi unapoteza dola 1,050. Hapo ndipo ulipouliza kama aende peke yake, na hapo ndipo wateja wengi wanapokosea, kwa sababu bei za meli hupangwa kwa watu wawili katika chumba kimoja. Anayelala peke yake kwa kawaida hutozwa nauli ya kitanda cha pili pia, kwa sehemu au chote, na katika safari zilizokodiwa mara nyingi hutozwa chote, kwa kuwa aliyekodi meli hawezi kumudu kitanda kitupu. Tazama: mkienda wawili katika chumba cha ndani mnalipa dola 3,700 za nauli na dola 680 za kodi, ada na bakshishi, jumla dola 4,380. Akienda peke yake na kutozwa nauli mbili, analipa dola 3,700 na dola 340, jumla dola 4,040. Kukuacha nyumbani kunaokoa dola 340 na tiketi yako ya ndege, basi. Kitanda chako kimeshalipiwa. Njia pekee ya yeye kwenda peke yake kwa bei nafuu ni kupata mwenzake wa kulala naye chumba kimoja. Baadhi ya waandaaji huwaunganisha wasafiri wasiofahamiana wa jinsia moja, na kama shemeji ana rafiki wa tangu Tanga anayeupenda muziki huo, hilo ni jambo la kufikiriwa. Ila umeniambia kwamba ni sherehe ya miaka 50, na sioni mke akisherehekea kwa simu.

Juu ya chumba nina maneno mengi kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha. Roshani itawaongezea dola 1,500 kwa wawili. Katika safari ya kawaida, ya kupumzika, roshani ni kitu kizuri na mimi huipendekeza. Katika safari ya muziki abiria hukaa chumbani kuoga, kubadilisha nguo na kulala saa chache, na mara nyingi nilizikuta roshani hizo na viti vikiwa vimekunjwa kama nilivyoviacha siku ya kwanza. Lakini aina ya chumba haina uzito kama mahali kilipo. Jukwaa kubwa hujengwa kwenye sitaha ya bwawa la kuogelea, na katika meli nyingine bwawa lenyewe hufunikwa likawa sakafu ya kuchezea. Vyumba vilivyo moja kwa moja chini ya sitaha hiyo hupata kishindo chote cha spika. Usiku mmoja wa safari kama hii abiria mmoja aliniita saa tisa za usiku. Nilipoingia hakusema kitu, alininyooshea kidole glasi ya maji iliyokuwa juu ya meza ya kitanda: kila besi ilipopigwa huko juu, uso wa maji ulikunjamana vijiduara, ukatulia, ukakunjamana tena. Mwenyewe alikuwa ameketi kitandani amejifunga taulo kichwani. Nilipiga simu mapokezi nikaambiwa ninayoyajua, kwamba meli imejaa na hakuna chumba cha kumhamishia. Katika reggae, ambako mashindano ya vipaza sauti, yaani ma-DJ wakishindana kwa santuri na spika zao, huweza kuendelea hadi karibu na alfajiri, jambo hili ni la kweli kuliko mahali popote. Kwa hiyo fungua mchoro wa sitaha za meli mtakayosafiria, itafute sitaha ya bwawa, ushuke angalau sitaha tatu, na uhakikishe chumba kina vyumba vingine juu yake na chini yake, tena hakipo juu ya ukumbi wa maonyesho wala disko. Chumba cha ndani katika sitaha za chini, katikati ya meli, kina giza totoro, hakiyumbi sana na ni kimya. Wewe unayelala saa nne utanishukuru, nami nitafurahi.

Nije kwenye fedha, maana hapa ndipo ninapotaka unisome polepole. Unaponunua safari ya kawaida unalipa kampuni ya meli. Unaponunua safari iliyokodiwa unailipa kampuni iliyokodi, na mkataba wako ni nayo. Sheria ya Marekani huzitaka kampuni zinazopakia abiria katika bandari zake, kwa meli zenye vitanda 50 au zaidi, ziweke dhamana ya kuwarudishia abiria fedha endapo safari haifanyiki, lakini usichukulie kwamba dhamana ya mwenye meli inazilinda fedha ulizompa mtu wa kati. Waandaaji nao hawafanani. Sixthman, mojawapo ya waandaaji wakongwe wa safari hizi, ni mali ya kampuni ya meli ya Norwegian Cruise Line tangu mwaka 2012, kwa hiyo mwandaaji na mwenye meli ni nyumba moja. Wengine ni kampuni imara zinazojitegemea. Wengine ni promota mmoja mwenye ofisi ndogo, jina zuri la tamasha na safari moja tu kwa mwaka, na huyo ikiwa vyumba havikuuzika anakuwa na tatizo ambalo haraka sana litageuka kuwa lako.

Maswali matatu ninayotaka uyaulize kwa barua pepe, siyo kwa simu, ni haya. La kwanza: fedha zetu zitakaa kwenye akaunti ya nani hadi siku ya safari, na ni dhamana au akaunti gani ya amana inayozilinda? La pili: mkiahirisha safari au mkibadilisha tarehe, tunarudishiwa fedha taslimu, au tunapewa hati ya kusafiri siku nyingine? La tatu: tukishindwa kusafiri, tunaruhusiwa kubadilisha jina la msafiri au kukiuza chumba kupitia ofisi yenu, hadi lini na kwa ada gani? Swali hili la tatu lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa safari zinazopendwa huwa na orodha ya wanaosubiri, na chumba kinachoweza kuhamishwa jina si fedha zilizopotea. Usimuuzie wala usinunue kwa mtu wa mitandaoni pasipo ofisi ya mwandaaji kubadilisha jina kwenye kumbukumbu zake; bila jina lako kwenye orodha ya abiria, gatini hupandi hata ukiwa na risiti kumi.

Na ulipe kwa kadi ya mkopo ya benki. Ninasisitiza. Miaka kadhaa iliyopita niliwakatia wateja wangu wanne safari ya muziki ya mwandaaji ambaye sitamtaja. Wiki chache kabla ya kuondoka aliisogeza mbele kwa miezi 7, akawapa watu hati ya kusafiri badala ya fedha. Wawili walikuwa wamelipa kwa kadi za mkopo. Walipinga malipo kupitia benki zao, wakapeleka tangazo la awali lenye tarehe, na fedha zikarudi. Wawili walikuwa wamelipa kwa hundi ili wapate punguzo dogo la bei, na mimi, nasema kwa masikitiko, sikuwazuia. Walisubiri zaidi ya mwaka, na hawakupata zote. Tangu siku hiyo sipokei mteja wa safari iliyokodiwa anayetaka kulipa kwa hundi au kwa kuhamisha fedha moja kwa moja, hata akikasirika.

Bima mnunue, lakini mjue inacholinda. Bima ya kawaida ya safari hulinda ugonjwa, msiba, ndege kuchelewa na matibabu. Hailindi msanii kujitoa. Mkataba wa mwandaaji nao karibu kila mara utasema kwamba orodha ya wasanii inaweza kubadilika, na nahodha anaweza kubadilisha bandari kwa sababu ya hali ya hewa, bila ninyi kudai fidia. Kwa hiyo kama shemeji anakwenda kwa ajili ya msanii mmoja tu, msinunue. Ipo bima ya ghali zaidi inayokuruhusu kughairi safari kwa sababu yoyote. Hurudisha sehemu tu, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 75, na sharti inunuliwe mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza. Msisubiri hadi mwezi wa safari. Mkiwa na nia ya kupunguza gharama, punguzeni kwingine, kwa sababu zahanati ya melini hutoza bei za binafsi na bima nyingi za afya za Marekani hazilipi nje ya nchi.

Sasa karatasi zenu, na jambo moja zito. Meli nyingi za kitalii hupeperusha bendera za nchi kama Bahamas na Panama, na kwa sheria za Marekani ambazo mzizi wake ni wa mwaka 1886 haziwezi kutembeza abiria katika bandari za Marekani pekee. Lazima ziguse nchi ya kigeni. Maana yake kwenu ni kwamba hata kama hamtashuka Jamaika, mmetoka Marekani na mnarudi kupitia uhamiaji. Wenzenu raia wanaweza kupanda safari za kwenda na kurudi bandari ileile wakiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na watawaambia kwamba hamhitaji pasipoti. Msiwasikilize. Ninyi bebeni kadi halisi ya ukaazi isiyokwisha muda, pamoja na pasipoti ya Tanzania iliyo hai, na mwulize ubalozi au ubalozi mdogo wa Jamaika masharti ya viza kwa pasipoti yenu kabla ya kulipa yale malipo ya awali yasiyorudi. Na kama yupo rafiki anayetaka kujiunga nanyi ilhali ombi lake la ukimbizi bado linasubiri uamuzi, au ana viza ya kuingia mara moja tu, asipande bila kwanza kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji, kwa kuwa huenda asiruhusiwe kurudi.

Jambo zito ni bangi. Safari ya reggae, bandari ya Jamaika, sikukuu ya mtu: utaisikia harufu. Jamaika ililegeza sheria yake mwaka 2015, hata kukutwa na kiasi kisichozidi wakia 2 kukawa kosa dogo la faini, na jimbo lenu la Minnesota limewaruhusu watu wazima tangu mwaka 2023. Hayo yote hayawasaidii chochote mnaporudi Miami. Forodha na uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, mbwa wa kunusa huwepo gatini, na kwa asiye raia, hata kukiri mbele ya ofisa kwamba umevuta, bila kukutwa na kitu mfukoni, kunaweza kuihatarisha kadi yake ya ukaazi. Raia mwenzake wa chumba cha jirani huenda akatozwa faini akaenda zake. Shemeji anaweza kupoteza maisha aliyoyajenga kwa miaka. Asivute, asibebe, asimshikie mtu begi, na asilete zawadi ya chai wala mafuta ya kuchua yenye majani hayo ndani yake. Ninaomba umsomee aya hii kwa sauti.

Yaliyobaki ni mepesi. Fikeni Miami siku moja kabla. Meli haimsubiri abiria, na ndege kutoka Minneapolis wakati wa baridi huchelewa kwa barafu. Msimu wa vimbunga vya Karibea ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo safari ya Januari hadi Machi ina usalama zaidi wa ratiba, ingawa upepo wa kipindi hicho nao huweza kusimamisha maonyesho ya sitaha ya juu kwa saa kadhaa. Kifurushi cha vinywaji msinunue kama wewe hunywi pombe, maana mara nyingi watu wazima wa chumba kimoja hulazimishwa kununua wote wawili. Alama za uaminifu na punguzo mlizo nazo kwa kampuni ya meli kwa kawaida hazitumiki katika safari iliyokodiwa. Mkihitaji chakula cha halali, ombeni kwa maandishi zaidi ya miezi miwili kabla, mpate jibu, mlichapishe mlibebe. Kwa makadirio yangu, ndege, hoteli ya usiku mmoja, teksi, intaneti ya melini, vinywaji na bima vitawaongezea takriban dola 1,600 kwa wawili, kwa hiyo safari nzima itakaribia dola 6,000. Kama kiasi hicho kitatoka kwenye akiba, nendeni. Kama kitatoka kwenye deni la kadi litakalolipwa kwa riba hadi shemeji atimize miaka 52, msubiri mwaka mmoja. Safari hizi hurudi, na bei ya atakayekata tiketi mapema huwa nafuu kuliko ya mchelewaji.

Kuhusu usingizi wako usihofu. Mchana wa siku za baharini huwa na mambo ambayo wakeshaji huyakosa kwa kuwa wamelala: mahojiano ya wasanii mbele ya watu wachache, maonyesho ya gitaa na sauti pasipo spika kubwa, pengine mafunzo ya kupiga ngoma. Ratiba itakapotoka, kwa kawaida siku chache kabla ya kuondoka, mtafute msanii ambaye shemeji amemwekea alama mbili, mwone ni lipi kati ya maonyesho yake mawili liko mapema, na mwende pamoja hilo. La pili, la saa nane za usiku, aende mwenyewe na ufunguo wake mfukoni, kwa sababu mhudumu wa vyumba saa hiyo huwa amelala.